Vifaa Vipya vya Kinga kwa Waamuzi wa Besiboli: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Tanga

Maswali haya yanatoka kwa walimu wa michezo, wazazi na vijana wanaojifunza uamuzi wa besiboli hapa Tanga. Mengi huulizwa baada ya mtu kupigwa na mpira, na natamani yaanze kuulizwa kabla. Msimamo wangu nautoa mapema: mfuko wa vifaa unapofunguliwa shuleni, mwamuzi ndiye wa mwisho kufikiriwa, wakati yeye ndiye anayesimama kwenye njia ya mpira tangu mchezo unaanza hadi unakwisha.

Mwamuzi anajikinga na nini, wakati mdakaji yuko mbele yake?

Mdakaji, mchezaji anayeudaka mpira unaorushwa kwa mpigaji, amechuchumaa. Mwamuzi ameinama nyuma yake, kwenye nafasi iliyo kati ya mdakaji na mpigaji, kichwa chake kikiwa juu kidogo ya kichwa cha mdakaji. Asipokaa hapo haoni ukingo wa ndani wa homu, yaani bamba la chini ambalo mpira unapaswa kupita juu yake, na straiki zake (mipira anayoiamua kuwa imerushwa sawa) zitakuwa za kubahatisha.

Mpira ukipita salama unaishia kwenye glovu. Balaa ni ule unaoparuzwa kidogo na gongo. Unabadili njia kwa sentimita chache tu, mdakaji haufikii, na kasi yake karibu yote bado imo. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149, na kutoka kwa mrushaji hadi homu ni mita 18.44. Ukirushwa kwa kilomita 110 kwa saa, ambayo kijana mwenye mkono mzuri anaifikia, unafika kwa takriban sekunde 0.6. Ukirushwa kwa kilomita 140, ni chini ya nusu sekunde. Na nguvu ya kipigo haiongezeki sawa na kasi, inaongezeka kwa mraba wake: kutoka 110 hadi 140, nishati ya mpira inapanda kwa zaidi ya asilimia 60.

Kwa hiyo mwamuzi hakwepi. Anayejaribu kukwepa hugeuza kichwa, na akigeuza kichwa anaupa mpira sikio na kisogo, sehemu ambazo barakoa haizifuniki. Kinga yote imewekwa mbele, na inamfaa yule tu anayetulia na kuutazama mpira.

Vifaa kamili ni vipi?

Barakoa ya chuma au helmeti ya mdakaji yenye kizimba cha uso, kinga ya koo, kinga ya kifua inayofika mabegani, kinga ya sehemu za siri, shingadi (kinga za ugoko) ndefu zinazofunika goti na mgongo wa mguu, na viatu vyenye bamba gumu juu ya vidole. Suruali iwe pana ili shingadi zikae ndani.

Tunavyo vifaa vya mdakaji. Kwa nini mwamuzi asivae hivyo?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na sababu yake inaeleweka. Besiboli ya Tanzania ilianza kukua mashuleni miaka ya 2010, kwa msaada mkubwa wa Wajapani. Hata uwanja wa besiboli ulioko Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, umetokana na msaada wa Japani. Mifuko ya msaada huja na glovu, magongo, mipira, na pengine seti moja ya mdakaji. Cha mwamuzi hakimo. Basi watu hutumia kilichopo.

Lakini kazi za watu hawa wawili ni tofauti. Kinga ya kifua ya mdakaji imetengenezwa iwe laini, ya kujikunja, ili mpira ukimgonga uanguke miguuni pake, auokote kabla mkimbiaji hajasonga mbele. Tena mdakaji ana glovu mbele ya mwili wake na anatarajia mpira. Mwamuzi hana glovu. Kinga yake ina mabamba magumu juu na povu chini yake: bamba husambaza kipigo kwenye eneo pana, povu hukipunguza. Inapanda hadi kwenye mtulinga na kufunika mabega, kwa sababu faulo nyingi, yaani mipira iliyoparuzwa na gongo, zinazompita mdakaji hupita juu, usawa wa kifua na shingo ya mtu aliyesimama nyuma.

Nilimwona kijana mmoja akichezesha mechi ya shule mbili za sekondari akiwa na kinga ya mdakaji. Ilimkaa vizuri kifuani, ila iliacha wazi upana wa vidole vinne kutoka ukingo wake hadi shingoni. Faulo ikampiga papo hapo, kwenye mfupa wa mtulinga. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia haukunyanyuka kwa wiki kadhaa, na mwamuzi asiyeweza kunyanyua mkono wa kulia hawezi kutoa ishara.

Shingadi za mdakaji zinaweza kusaidia kwa dharura, ingawa zimekunjwa kwa ajili ya kuchuchumaa na humsumbua anayetembea. Kinga ya kifua, hapana.

Vinaitwa vipya. Upya wake uko wapi?

Barakoa yenyewe ni ya zamani. Fred Thayer wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliisajili kama ubunifu wake mwaka 1878. Shingadi zilizoea kuonekana kwa wadakaji baada ya mdakaji Roger Bresnahan kuzivaa hadharani mwaka 1907. Kinga ya kifua ya mwamuzi ndiyo iliyoleta ubishi mrefu. Huko Marekani, waamuzi wa moja ya ligi mbili kuu, wakimfuata mwamuzi mwenzao Bill Klem, walivaa kinga ndogo ndani ya shati. Wa ligi ya pili walishika mbele yao mto mkubwa uliojazwa hewa. Mto uliwalinda vizuri, lakini uliwalazimisha kusimama juu zaidi, na jicho likiwa juu mpira wa chini hauonekani sawasawa. Miaka ya 1970 ligi hiyo iliwaagiza waamuzi wapya wavae ya ndani. Wa mwisho kutumia mto, Jerry Neudecker, alistaafu mwaka 1985.

Kisa hicho nakitaja kwa sababu kinaeleza vifaa vyote vilivyofuata: kinga lazima imlinde mwamuzi bila kumwondoa mahali anapopaswa kuonea.

Upya wa siku hizi uko katika mambo matatu. Kwanza, vizimba vya barakoa vinatengenezwa pia kwa titani na magnesi, si chuma peke yake, hivyo shingo haichoki ukiwa umechezesha mechi mbili kwa siku. Pili, povu limebadilika. Lipo la kisasa ambalo ni laini ukilibonyeza polepole, lakini likipigwa ghafla hukaza papo hapo, kama lile linalotiwa kwenye jaketi za waendesha pikipiki. Tatu, na hili ndilo naliona kubwa, watengenezaji wameacha kufikiria kuuzuia mpira tu, wakaanza kufikiria kichwa kilichoko nyuma ya kizimba. Barakoa ya Defender ya kampuni ya Force3 ya Marekani, kwa mfano, ina springi kati ya kizimba na sehemu inayogusa uso. Mpira ukigonga, kizimba kinarudi nyuma kidogo juu ya springi kabla ya mshtuko kufika kwenye fuvu. Uso haukuwahi kuwa tatizo kubwa kwenye barakoa za zamani. Tatizo lilikuwa ubongo.

Barakoa au helmeti?

Helmeti yenye kizimba, inayofanana na ya kipa wa hoki, ililetwa kwenye ligi kuu ya Marekani na mdakaji Charlie O'Brien mwaka 1996. Inafunika masikio na kisogo, na umbo lake la mviringo huufanya mpira uteleze. Ubaya wake ni joto, na kuivua haraka si rahisi.

Barakoa ya kawaida ni nyepesi, hewa inapita, na ikipigwa pembeni huzunguka au hudondoka, hivyo sehemu ya nguvu inaondoka nayo. Inaacha wazi masikio na kisogo.

Kwa mwamuzi mpya ambaye bado anashtuka na kugeuza kichwa, nashauri helmeti. Kwa aliyezoea kutulia, barakoa nzuri inatosha. Usibishane na anayechagua kinyume chako. Waamuzi wa kulipwa wenyewe hawajakubaliana.

Helmeti ya bodaboda je?

Hapana. Povu lake limetengenezwa kubonyea mara moja, kwenye ajali, halafu helmeti itupwe. Kioo chake si cha kupigwa na mpira wa kasi, na kikivunjika vipande vinaelekea machoni. Tena husikii vizuri wala huoni chini.

Kinga ya koo ni ya lazima? Naona inaning'inia tu.

Ni ya lazima, na iache ining'inie. Septemba 1976, mdakaji wa Dodgers, timu ya Los Angeles, Steve Yeager, alikuwa akisubiri zamu yake ya kupiga. Gongo la mwenzake likavunjika, na vipande vyake vikamchoma shingoni. Alipona, lakini alihitaji kinga ya kurudia nayo kazini, na mtaalamu wa tiba wa timu, Bill Buhler, akabuni kipande cha kuning'inia chini ya barakoa. Kikaenea hadi kwa waamuzi.

Barakoa nyingi mpya zina kinga hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwenye kizimba. Kama yako haina, nunua kipande chake, ni cha bei ndogo kuliko vyote.

Jipime hivi. Vaa barakoa na kinga ya kifua, inama kama unavyoinama uwanjani, si kama unavyosimama mbele ya kioo. Mwambie mwenzako asimame mahali pa mrushaji akutazame. Akiiona ngozi ya shingo yako, kuna pengo. Kaza mikanda ya mabega kinga ipande, kisha mtazame tena.

Nimesikia mpira unaweza kusimamisha moyo. Ni kweli?

Ni kweli, ingawa ni nadra. Mpira ukigonga kifua juu kabisa ya moyo, katika sehemu ndogo sana ya sekunde kati ya pigo moja la moyo na lingine, unaweza kuuvuruga mpangilio wa mapigo. Moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Mbavu hazivunjiki, na wala mtu hahitaji kuwa na ugonjwa wa moyo. Hutokea zaidi kwa watoto na vijana, kwa sababu kifua chao bado ni chembamba na chepesi kubonyea. Mpira wa kasi ya kawaida kabisa, kilomita 60 na kitu kwa saa, unatosha.

Marekani kuna kiwango cha NOCSAE, kamati ya viwango vya vifaa vya michezo huko, kinachopima kama kinga ya kifua inapunguza hatari hiyo, na tangu Januari 2020 wadakaji wa shule za sekondari huko wanalazimika kuvaa iliyothibitishwa. Waamuzi hawamo kwenye sharti hilo. Lakini waamuzi wetu wengi ni vijana wa kidato cha tatu na cha nne, wa rika moja na wachezaji, kwa hiyo hoja ya mdakaji ni hoja yao pia. Ukinunua, tafuta alama hiyo.

Mtu akigongwa kifuani akaanguka na haitiki, usimwagie maji wala usimpepee ukingoja azinduke. Mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na usiache. Mwingine atafute usafiri wa Hospitali ya Bombo au kituo cha karibu, na kama kuna mashine ya kushtua moyo iletwe mara moja. Kila dakika inayopita bila kukandamiza inapunguza nafasi ya kumpata akiwa hai. Kila mwalimu wa michezo ajifunze hili kabla hajajifunza kanuni ya faulo.

Tunatumia mpira wa raba. Bado tunahitaji haya yote?

Mpira wa raba ambao shule nyingi za Japani huutumia una uzito wa gramu 138 hivi, kwa hiyo si mwepesi kama unavyodhani. Ulaini wake unapunguza maumivu na hatari, hauiondoi. Macho, meno na koo havijui tofauti. Vaa.

Joto la Tanga litaniruhusu?

Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kuvaa mabamba ndani ya shati saa nane mchana ni mateso. Mechi zipangwe asubuhi au baada ya saa kumi. Vaa fulana nyepesi ya kunyonya jasho chini ya kinga, chagua shati la rangi isiyokoza, na kunywa maji kila zamu inapobadilika hata kama huna kiu. Dafu ni zuri sana, na linapatikana.

Kinga mpya nyingi zina nafasi za hewa kati ya mabamba, na hilo ni jambo la kuangalia dukani kuliko rangi au jina la kampuni. Kitu ambacho sikubali ni mwamuzi kuvua kinga ya kifua katikati ya mchezo kwa sababu ya joto. Akizidiwa, mchezo usimame apumzike kivulini.

Barakoa yangu inaota kutu. Niipake rangi?

Kwanza ibandue pedi. Hewa ya bahari inakula chuma, lakini kutu mbaya haianzi mahali unapopaona. Inaanza chini ya pedi ya paji la uso na ya kidevu, ambako jasho hukaa kutwa nzima. Ukibandua ukakuta unga wa rangi ya machungwa, sugua hadi uone chuma. Ukikuta chuma kimelika, au ufa kwenye maungio yaliyochomelewa, barakoa hiyo imekwisha. Usipake rangi, rangi itaficha ufa. Na usiipeleke kwa fundi wa kuchomelea, maana joto hubadilisha ugumu wa nondo hizo ndogo na hutajua mpaka siku zitakapopigwa.

Kila baada ya mechi, pangusa kizimba kwa kitambaa chenye maji baridi, kikaushe, anika pedi kivulini. Jua kali hukausha povu na kulipasua. Usiviache vifaa kwenye mfuko wa nailoni. Ukungu utaingia, hasa masika.

Naweza kununua vya mitumba, au kumpa fundi atengeneze?

Vya mitumba vinanunulika kama unajua kukagua. Bonyeza pedi kwa dole gumba. Ukiigusa nondo kupitia pedi, povu limekufa. Tazama kizimba kwa pembeni, kama kimenyooka sawa pande zote. Helmeti yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, iache.

Fundi wetu wa viatu pale Ngamiani anafanya kazi nzuri sana ya mikanda, vifungo na velkro. Mpe hiyo. Usimpe kazi ya kujaza pedi kwa sponji ya godoro, jambo ambalo nimeliona mara nyingi. Sponji ya godoro imetengenezwa kumbeba mtu aliyelala. Ikipigwa na mpira inabonyea mara moja hadi mwisho, na kinachobaki ni chuma juu ya mfupa.

Barakoa ikae vipi kichwani?

Uzito ubebwe na paji la uso na kidevu, pua isiguswe. Mikanda isikazwe kupita kiasi. Barakoa inapaswa kukaa imara ukiinama, lakini itoke kwa mkono wa kushoto peke yake bila kuangusha kofia. Kwa nini kushoto? Kwa sababu wa kulia ni wa kutoa ishara.

Nimepigwa barakoani, sikuanguka. Niendelee?

Simamisha mchezo. Ukiwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga unakuumiza, au huikumbuki hesabu ya straiki na bolu (mipira iliyorushwa nje ya eneo halali) uliyokuwa nayo sasa hivi, umetoka. Hurudi siku hiyo, hata ukijisikia nafuu baada ya nusu saa. Kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida au maumivu yanayozidi ni safari ya hospitali mara moja. Barakoa mpya hupunguza mtikisiko wa ubongo, haiufuti.

Vipo vya wanawake?

Vipo, vyenye kifua kilichokatwa tofauti. Kama hukuvipata, chukua kinga ya mabamba yenye mikanda mingi ya kurekebisha. Inakaa vizuri kuliko ya kipande kimoja.

Fedha kidogo. Nianze na kipi?

Barakoa yenye kinga ya koo, kinga ya kifua, na kinga ya sehemu za siri, vyote vitatu kwa pamoja. Chuma cha kawaida kinatosha. Titani huuzwa kwa bei ya mara mbili au zaidi na faida yake kubwa ni wepesi. Shingadi na viatu vifuate. Mkiagiza nje, waamuzi wa shule mbili tatu waagize mzigo mmoja, na muulizie ushuru mapema msije mkakwama mzigo umeshafika. Vipimo vichukuliwe kwa futikamba: kifua, na urefu kutoka katikati ya goti hadi kifundo cha mguu.

Na anayenunua awe shule au waandaaji, si kijana kutoka mfukoni mwake. Fedha za mipira zinapatikana kila mwaka. Bei ya mipira ya misimu michache ingemnunulia mwamuzi seti itakayodumu miaka.

Mechi ni kesho na hatuna kifaa hata kimoja cha mwamuzi. Tufanyeje?

Usisimame nyuma ya mdakaji. Simama nyuma ya mrushaji, hatua chache pembeni ya mgongo wake, uite bolu na straiki kutoka huko. Ni njia inayokubalika kwa mwamuzi aliye peke yake kwenye michezo ya ridhaa. Utakosa baadhi ya mipira ya pembeni, na makocha waambiwe hivyo kabla ya kuanza ili wasilalamike baadaye. Mpira uliopigwa unaweza kukujia moja kwa moja, kwa hiyo kaa ukiwa umeelekea kwa mpigaji na miguu iwe tayari. Kutoka huko, tofauti na nyuma ya homu, kukwepa kunaruhusiwa.